Taa Zikiwa Bado Zinawaka

Sehemu kubwa ya kazi ya chumba cha giza hufanyika taa zikiwa bado zinawaka. Mkasi uko wapi, kifuniko cha tangi kimelazwa upande gani, chupa ipi iko kushoto na ipi kulia: yote hayo huamuliwa mapema, kwa kuwa giza likishaingia hakuna wa kumuuliza. Mtazame mtu anayesafisha mikanda yake ya picha nyumbani dakika chache kabla hajazima taa. Anagusa kila kitu kwa zamu, anasogeza kimoja kidogo, anakirudisha kingine. Kisha anazima, na mikono yake inakwenda moja kwa moja pale ilipotakiwa kwenda. Utaratibu huo ndio ninaouonea fahari katika ufundi huu, kuliko hata zile picha nzuri zinazotoka humo.

Chumba chenyewe hakihitaji makubwa. Nyumba nyingi zinacho tayari: bafu, stoo, hata nafasi iliyo chini ya ngazi. Bafu lina maji na dirisha dogo, ila sakafu yake ni mbichi na umeme hauelewani na maji, kwa hiyo jambo la kwanza ni kukigawa chumba pande mbili. Upande mkavu zinakaa mashine ya kukuzia, karatasi na negativu. Upande wa maji yanakaa matrei na dawa. Mkono uliotoka kwenye trei haugusi upande mkavu mpaka uoshwe na kufutwa. Chumba kikiwa chembamba kiasi kwamba matrei matatu hayawezi kulala sambamba, fundi huyapanga ghorofa kwa ghorofa kwenye kichanja cha mbao, na trei ya juu kabisa ni ya dawa ya kusafishia. Bomba si lazima liwemo humo ndani. Picha zilizokwisha kupita kwenye dawa zinaweza kusubiri katika ndoo ya maji safi, zikaja kusuuzwa nje baadaye. Jikoni sipashauri hata usiku wa manane. Dawa hizi hazifai kukaa karibu na chakula, na trei iliyowahi kushika fiksa, dawa ya kuifanya picha idumu, haifai tena kuandalia kitu cha kuliwa.

Kuziba mwanga ni kazi ya subira. Dirisha huzibwa kwa nailoni nyeusi nzito ya kukunja mara mbili, kingo zikapigwa utepe wa gundi. Chini ya mlango hulazwa taulo. Halafu mtu anaingia, anafunga, anakaa kimya kwa dakika 10. Dakika za mwanzo haoni chochote na anadhani kazi imekwisha. Macho yakishazoea, uzi wa mwanga unajitokeza pembeni mwa bawaba, mwingine kwenye tundu la ufunguo, na kile kitaa chekundu cha swichi ya hita ambacho hakuna aliyewahi kukijali kinakuwa kikubwa kama mwezi. Anaziba, anakaa tena. Wengine husubiri usiku, mwezi ukiwa mwembamba na taa za jirani zimezimwa, na hiyo ni busara inayookoa nailoni nyingi.

Taa nyekundu ina habari yake. Karatasi ya picha nyeusi na nyeupe haiathiriwi na wekundu, ndiyo maana mtu anaweza kuichapa huku akiiona. Mkanda wa kawaida wa siku hizi huathiriwa na rangi zote, kwa hiyo kuutoa kwenye kibweta chake na kuuingiza kwenye tangi hufanyika gizani kabisa. Hata kwa karatasi, si kila balbu nyekundu ya dukani inaaminika. Kuna jaribio la zamani, rahisi, ambalo nalipenda: karatasi hupewa kwanza mwanga hafifu wa mashine, kiasi cha kuitia ukijivu kidogo, kisha sarafu huwekwa juu yake chini ya taa nyekundu kwa dakika 5, ndipo ikasafishwa. Alama ya duara ikijitokeza, taa ile ni adui. Isogezwe mbali au ibadilishwe.

Sasa mkanda. Kibweta cha milimita 35 hufunguliwa kwa kifungulio cha soda, kitu ambacho hakikosekani nyumba yoyote. Ncha ya mkanda hukatwa, pembe zake zikapunguzwa ziwe mviringo ili zisikwame, kisha ukaviringishwa kwenye rili. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukata tamaa, na joto la pwani ndilo linalowakwamisha: viganja vina jasho, rili ya plastiki ikiwa na unyevu mdogo tu mkanda unang'ang'ania. Waliobobea hukausha rili zao juani tangu asubuhi, hunawa na kujifuta vizuri, na hawafanyi kazi hiyo ndani ya bafu ambamo mtu ametoka kuoga maji ya moto. Mazoezi hufanywa kwa mkanda ulioharibika: kwanza ukiangalia, halafu umefumba macho, halafu gizani. Mwishowe vidole vinaujua mlio wa mkanda unaoingia sawasawa na mlio wa mkanda uliopotoka.

Joto ndilo jambo linalotofautisha fundi wa Dar es Salaam au Mombasa na yule anayesoma maelekezo yaleyale akiwa Ulaya. Vitabu vingi huanzia nyuzi 20. Maji ya bomba ya pwani hupita hapo kwa mbali karibu mwaka mzima, na dawa yenye joto hufanya kazi haraka: kutoka nyuzi 20 kufika 24, muda wa kusafisha hupungua kwa karibu theluthi. Ukiendelea kupanda, muda unakuwa mfupi mno hata mkanda usafishwe vipande vipande, sehemu nyeusi na sehemu dhaifu, kwa sababu dawa haikupata nafasi ya kutulia. Chini ya dakika 5 mafundi wengi hawakubali. Gelatini nayo, ule utando unaobeba picha, hulainika na kukwaruzika kwa kuguswa tu.

Dawa za jambo hilo ni mbili, na zote zinapatikana nyumbani. Ya kwanza ni kuzimua. Mkanda wa Ilford HP5 Plus katika dawa ya ID-11 isiyozimuliwa huchukua dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20. Dawa hiyohiyo ikichanganywa na maji kwa sehemu sawa, zinakuwa dakika 13. Ikiwa sehemu 1 kwa sehemu 3 za maji, dakika 20. Muda mrefu kiasi hicho unaweza kukatwa na joto na bado ukabaki wa kutosha. Ya pili ni barafu. Beseni pana hujazwa maji, ndani yake huwekwa vipande vya barafu vilivyomo kwenye mifuko ya plastiki, na chupa zote pamoja na tangi husimama humo hadi kipimajoto kisome kinachotakiwa. Nasisitiza chupa zote, pamoja na maji ya kusuuzia. Mkanda uliotoka kwenye dawa ya nyuzi 20 ukimwagiwa ghafla maji ya nyuzi 30, utando wake unaweza kujikunja na kuacha mtandao wa mistari juu ya picha nzima, na mistari hiyo haitoki tena. Kama nyuzi 20 zimeshindikana, heri kila kitu kiwe 24 na muda ukatwe ipasavyo, kuliko kuwa na chupa moja baridi kati ya tatu zenye moto.

Baada ya dawa ya kusafishia huja ya kukatisha, ambayo ni asidi dhaifu tu. Siki nyeupe ya dukani, sehemu 1 kwa sehemu 4 za maji, inatosha. Kisha fiksa, ile inayoyeyusha chumvi za fedha ambazo mwanga haukuzigusa ili picha isiendelee kuwa nyeusi. Mwingereza John Herschel aliigundua tabia hiyo ya chumvi ya thaiosalfeti mwaka 1819, miaka 20 kabla ya upigaji picha kutangazwa kwa ulimwengu mwaka 1839. Dawa ilikuwa rafuni ikisubiri ugonjwa wake. Fiksa iliyochoka hupimwa kwa kipande cha ncha ya mkanda kilichokatwa mwanzoni: hutumbukizwa, ukahesabu sekunde mpaka kiwe angavu, muda wa mkanda wenyewe ni mara mbili ya huo. Na fiksa iliyotumika ina fedha ndani yake. Isimwagwe karibu na kisima wala kwenye bustani. Ukiiacha kwenye ndoo yenye sufi ya chuma kwa siku kadhaa, fedha huganda kwenye chuma, na kilichobaki hakina madhara makubwa kama mwanzo.

Kusuuza kunaogopwa bure na watu wa mitaa yenye mgao wa maji. Ipo njia ya Ilford isiyohitaji bomba linalotiririka: jaza tangi, lipindue mara 5, mwaga, jaza tena, pindua mara 10, mwaga, jaza mara ya tatu, pindua mara 20, mwaga. Basi. Mkanda uning'inizwe kwa kibanio cha nguo, kingine chini kiwe uzito, mahali pasipo upepo wa feni.

Kuchapa ndiko kunakoufanya ufundi huu uwe ufundi. Mtu anaweza kuchapa hata bila mashine ya kukuzia. Seydou Keïta, aliyefungua studio nyumbani kwao Bamako, Mali, mwaka 1948, alitumia kamera kubwa yenye negativu za sentimita 13 kwa 18, na picha nyingi alizowapa wateja zilikuwa za ukubwa huohuo, negativu imelazwa juu ya karatasi na kupigwa mwanga. Malick Sidibé, wa mji huohuo, alirudi usiku kutoka kwenye dansi za vijana na kusafisha mikanda hadi alfajiri, akatoa vipicha vidogo ili wenyewe waje kujichagulia. Kwetu, Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Zanzibar, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na kuendelezwa na mwanawe Rohit, ni ushahidi wa jinsi kazi ya giza iliyofanywa kwa uangalifu inavyodumu.

Chukua mfano mmoja, mgumu kuliko unavyoonekana: bwana harusi mweusi aliyevaa kanzu nyeupe, saa 7 mchana, juani. Tatizo linaanza kwenye kamera. Ukipima mwanga kwa kuifuata kanzu, uso unazama na hakuna dawa itakayouibua. Mpiga picha anayejua atakachokutana nacho gizani huupimia uso, akauacha mkanda upate mwanga mwingi, kisha akapunguza muda wa kusafisha ili kanzu isizidi kuwa nzito kwenye negativu. Mikanda mingi iliyolaumiwa kwa kuonyesha nyuso za watu weusi kama kivuli kitupu ilipigwa na mtu aliyeipimia kanzu.

Halafu mashine ya kukuzia. Kipande cha karatasi hupewa mwanga kwa hatua, sekunde 5, 10, 15, 20, na fundi anasoma hatua ipi inaupa uso uhai: ngozi ina ung'avu kwenye paji, kivuli chini ya taya bado kina kitu ndani yake. Tuseme ni sekunde 14. Kwa sekunde hizo kanzu ni nyeupe tupu. Kwa hiyo uso ukishapata haki yake, fundi anachukua kadi yenye tundu, anaacha mwanga upite kwenye kanzu peke yake, sekunde 10 za ziada, huku mkono ukichezacheza bila kusimama ili mpaka usionekane. Mikunjo inarudi, na darizi ya kifuani inasomeka. Macho yaliyomezwa na kivuli cha jua la utosini hukingwa kwa kiduara cha kadi kilichofungwa kwenye waya mwembamba, sekunde 3 tu za zile 14. Karatasi za Multigrade, zilizoingia sokoni mwaka 1940, huruhusu jambo zuri zaidi: kubadili kichujio katikati ya kazi, uso ukapata gredi moja ya ukali wa weusi na weupe, na kanzu gredi laini kuliko hiyo, kwenye karatasi ileile.

Kwenye trei, subira ileile. Chini ya taa nyekundu picha huonekana imeiva kabla haijaiva, na asiye na uzoefu huinyakua. Fundi huiacha imalize muda wake, dakika 1 kwa karatasi ya plastiki, 2 au 3 kwa isiyo na plastiki, na kama imekuwa nyeusi mno anabadili sekunde za mwanga katika picha inayofuata. Hukumu yenyewe hungoja hadi picha ikauke na kutazamwa kwenye mwanga mweupe, maana karatasi ikikauka hufifisha weupe wake kidogo.

Picha ikikubalika, jambo la mwisho ni penseli. Nyuma ya karatasi, pembeni, fundi anaandika: tundu la lenzi 8, sekunde 14, gredi 2½, macho −3, kanzu +10, gredi 1. Kwenye kijidaftari anachora mchoro mdogo wa picha na kuweka alama mahali alipokinga na alipoongeza. Mjomba wa bwana harusi akitaka nakala yake mwakani, negativu inatolewa kwenye bahasha, matrei yanapangwa, na sekunde 14 zinahesabiwa upya.