Kuvu ndani ya Helios: lenzi kuukuu ilivyofunguliwa Kabambare

Elekeza tochi ya simu nyuma ya lenzi, chungulia kwa mbele. Kama kuvu imeingia, utaona nyuzi nyembamba zinazotawanyika kama utando wa buibui. Lenzi za zamani zilizokaa Kabambare au Kasongo, hapa Maniema mashariki mwa Kongo, mara nyingi huwa nazo. Msimu wa mvua ni mrefu, toka Septemba hivi hadi Mei, na kamera hulala ndani ya mfuko wake wa ngozi. Ngozi hunywa unyevu na kuutunza; kuvu huanza hapo, kisha huhamia kwenye vumbi na mafuta ya vidole yaliyoganda juu ya kioo. Kwangu mimi mfuko ule mzuri ni adui mbaya kuliko vumbi jekundu la barabara. Wapo wanaofukia kamera ndani ya mchele ili ikauke, na Maniema mchele haukosekani tangu enzi za mfanyabiashara Tippu Tip, lakini vumbi lake la wanga ni chakula kingine cha kuvu. Bora vile vifuko vya silika vinavyokuja na viatu vipya.

Lenzi iliyofunguliwa safari hii, kwenye meza ya fundi wa redio, ni Helios 44-2: milimita 58, f/2, iliyokuja na Zenit-E ya Kisovieti. Kiwanda cha KMZ huko Krasnogorsk kilitengeneza Zenit-E kuanzia 1965 hadi 1982. Mita yake ya mwanga ni ya seleniamu, haidai betri. Ramani ya vioo imefuata lenzi ya Biotar ya Zeiss: vioo 6 katika makundi 4, na katikati majani 8 ya dayaframu. Vioo vinne kati ya hivyo vimegandishwa viwili viwili kwa gundi, na gundi hiyo ndiyo inayoamua usafishaji ukomee wapi.

Kuvu ilikuwa kwenye uso wa ndani wa nusu ya nyuma ya vioo. Basi nusu ya mbele haikuguswa. Pete inayoshika vioo vya nyuma ina vijishimo viwili, na ufunguo wake unaouzwa Ulaya haupatikani hapa. Fundi alinoa ncha za bikari ya shule, akakaza kiungo chake, akafunika kioo kwa duara la karatasi ngumu. Karatasi hiyo ni muhimu kuliko ufunguo wenyewe, kwa maana ncha ikiteleza mara moja inakata mstari usiofutika.

Dawa ilitoka famasia: maji ya oksijeni ya 10 vol., yaani asilimia 3 hivi, kwenye pamba iliyokamuliwa, kisha alkoli ya nyuzi 90. Kioo hakikuzamishwa. Kimiminika kikipenya ukingoni kinaweza kulegeza gundi, na hapo umebadilisha ugonjwa mdogo kwa mkubwa. Nyuzi ziliondoka, zikabaki alama hafifu mahali ambapo asidi ya kuvu imekula utando wa kuzuia mng'ao. Anayezidi kusugua hapo anamalizia kazi ya kuvu. Alama hizo hazionekani kwenye picha, labda ukipiga ukilikabili jua.

Majani ya dayaframu yalikuwa na mafuta, na hapa fundi alifanya uamuzi ninaouunga mkono: aliyaacha. Kwenye Helios 44-2 majani yanazungushwa kwa mkono, hakuna springi inayotakiwa kuyafunga ghafla, hivyo mafuta hayayacheleweshi. Kuyatoa yote 8 na kuyapanga upya ni kutafuta balaa.

Pete ya kufokasi ndiyo iliyokuwa shida, kwani grisi ya zamani ilikuwa imekauka kabisa. Skurubu ndogo za ubavuni zililegezwa, silinda za kufokasi zikafunguliwa taratibu. Nyuzi za silinda hizo zina mianzo mingi, nao mmoja tu ndio sahihi; ukirudishia kwenye mwanzo mwingine pete itazunguka vizuri, ila vitu vya mbali havitaonekana wazi kamwe. Fundi alikwaruza alama kwa sindano pale hasa silinda zilipoachana, akapiga picha kwa simu. Mafuta ya taa yaliosha chuma, alkoli ikamalizia, ikapakwa grisi ya lithiamu kiasi cha kufanya nyuzi zing'ae tu. Vaselini inayeyuka kwenye joto na kutambaa hadi kwenye vioo.

Kupima fokasi, lenzi ilifungwa kwenye Zenit isiyo na filamu, mlango wa nyuma wazi. Juu ya reli za filamu ikabandikwa karatasi ya kunakilia, shata ikawekwa B na kushikiliwa. Mnara wa simu ulio mbali ulitokea kichwa chini kwenye karatasi. Fundi alizungusha silinda hadi vyuma vya mnara vikasomeka kimoja kimoja chini ya kioo cha kukuzia, akaiweka pete ya nje kwenye alama ya mbali kabisa bila kugusa silinda, ndipo akakaza skurubu.