Sauti Zilizofutwa: Kiswahili na Usahihi wa Kihistoria katika Filamu Mbili za Vita vya Afrika Mashariki

Ikisiri

Filamu za vita hupimwa mara nyingi kwa usahihi wa tarehe, silaha na sare. Makala haya yanachunguza filamu mbili zilizojengwa juu ya matukio ya Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, yaani The African Queen (1951) na Shout at the Devil (1976), na kuonyesha kwamba kipimo hicho hakitoshi. Kwa kuzilinganisha na mapokeo ya tendi za vita za Kiswahili, makala yanadai kwamba kasoro kubwa ya filamu hizi haimo katika matukio zilizoyabuni, bali katika lugha zilizoinyamazisha. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha askari, wapagazi na maofisa katika vita hivyo. Kukiondoa ni kuwaondoa watu waliovibeba vita.

1. Utangulizi

Mjadala kuhusu filamu za vita huanzia kwenye vitu vinavyohesabika. Je, bunduki hii ilikuwapo mwaka huo? Je, cheo kile kilivaliwa bega la kulia au la kushoto? Maswali ya namna hii yana nafasi yake, kwa kuwa uzembe katika mambo madogo huashiria uzembe katika makubwa. Hata hivyo, yanakagua vifaa na kuwaacha watu. Filamu inaweza kuwa na kila kifungo cha sare mahali pake na bado ikapotosha vita vyenyewe.

Vita vya Afrika Mashariki vinalidhihirisha jambo hili vizuri. Vilianza Agosti 1914 na kumalizika tarehe 25 Novemba 1918, Paul von Lettow-Vorbeck alipolisalimisha jeshi lake huko Abercorn, ambako leo ni Mbala nchini Zambia. Askari wengi wa jeshi lake walikuwa Waafrika. Kwa upande wa Waingereza, kikosi cha King's African Rifles, ambacho wenyeji walikiita Keya, kilipanuliwa sana kadiri vita vilivyoendelea. Nyuma ya majeshi yote walikuwapo wapagazi. Wale wa upande wa Uingereza na washirika wake peke yao wanakadiriwa kufikia milioni moja, na makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa kuhara, malaria, njaa na uchovu kuliko kwa risasi.

Watu hawa walitoka katika makabila na lugha nyingi. Lugha iliyowakutanisha ilikuwa Kiswahili, ambacho utawala wa Kijerumani ulikuwa umekwisha kukifanya lugha ya maakida, ya shule za serikali na ya barua za ofisini. Ndani ya Keya nako kulikua Kiswahili cha kijeshi ambacho wanaisimu hukiita KiKAR. Kwa hiyo, swali la lugha katika filamu inayohusu vita hivi ni swali la ukweli wa kihistoria, sawa na swali la bunduki na sare.

2. Kubuni si Kosa: Kipimo kutoka Tendi za Vita

Mhakiki wa fasihi ya Kiswahili hana haki ya kuilaumu filamu kwa sababu tu imebuni. Mapokeo yake mwenyewe yangemsuta. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728 na Bwana Mwengo wa Athumani, unasimulia mapambano makali kati ya jeshi la Waislamu na jeshi la Herekali, mfalme wa Rumi. Vyanzo vya historia vinaeleza kwamba msafara wa Tabuk wa mwaka 630 uliishia bila mapigano. Bwana Mwengo amejenga vita pasipokuwa na vita, na utendi wake umeheshimiwa kwa karne tatu. Hadhira iliyousikiliza haikutafuta ndani yake orodha ya matukio. Ilitafuta ushujaa na imani.

Mwelekeo mwingine unaonekana katika Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemedi bin Abdallah el Buhriy, unaohusu upinzani wa watu wa pwani dhidi ya Wajerumani mwishoni mwa miaka ya 1880. Huu umetungwa na mtu wa zama za matukio yenyewe. Msimulizi haufichi upande wake, wala hajidai kuwa mwamuzi asiyependelea. Anavisimulia vita kama mtu wa Mrima, kwa lugha ya Mrima.

Tendi hizi mbili zinatofautiana sana kwa kiasi cha ubunifu, lakini zinafanana katika jambo moja: wanaopigana ndio wanaosema. Hapo ndipo inapopatikana tofauti kati ya uhuru wa kubuni na ufutaji. Uhuru wa kubuni hupanga upya matukio, huongeza maneno na hukuza mashujaa. Ufutaji huwaacha watu kwenye mandhari huku ukiwanyang'anya kauli. Filamu mbili zinazojadiliwa hapa zinafanya yote mawili, na ni muhimu kuyatenganisha.

3. The African Queen: Mto Usiofika Ziwani

The African Queen, iliyoongozwa na John Huston kutokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, inamhusu mmisionari Rose Sayer na fundi Charlie Allnut wanaoteremka mto Ulanga kwa boti chakavu ili kuizamisha meli ya Kijerumani, Louisa, iliyo ziwani. Humphrey Bogart alipata tuzo ya Oscar kwa kumwigiza Allnut, na filamu imebaki miongoni mwa zinazopendwa zaidi kuhusu vita hivi.

Mtu anayeijua Tanzania huanza kutilia shaka jiografia yake. Ulanga ni jina halisi, lakini maji ya Ulanga huingia Rufiji na kuishia Bahari ya Hindi. Majina mengine ni ya kubahatisha. Ngome inaitwa Shona, jina la watu na lugha ya Zimbabwe. Kijiji kinaitwa Kungdu, na hapa mwanaisimu hahitaji ramani: mfuatano wa konsonanti uliomo katika jina hilo haukubaliani na muundo wa silabi wa lugha za Kibantu za eneo hilo. Hakuna mwenyeji ambaye angekiita kijiji chake hivyo.

Tukio la kihistoria linalofanana na kisa hiki ni la kustaajabisha zaidi kuliko filamu. Mwaka 1915 Waingereza walisafirisha boti mbili za kivita, Mimi na Toutou, kwa meli hadi Cape Town na kisha kwa reli hadi Katanga. Kutoka hapo zilikokotwa kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba, huku mamia ya vibarua wa Kongo wakifyeka njia na kujenga madaraja. Ziliteremshwa Ziwa Tanganyika chini ya uongozi wa Geoffrey Spicer-Simson. Zikaiteka Kingani tarehe 26 Desemba 1915, na tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Meli kubwa kuliko zote, Graf von Götzen, haikuzamishwa na adui. Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma Julai 1916, baada ya kuzipaka mashine zake grisi ili zisiharibike. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarejea kazini kwa jina la Liemba.

Filamu imegeuza operesheni ya kijeshi kuwa safari ya wapenzi wawili. Forester hakuwaruhusu washinde: katika riwaya boti yao inazama kwa dhoruba, na kazi ya kuizamisha Louisa inafanywa na boti za jeshi la majini. Huston amewapa ushindi. Mabadiliko haya ni ya aina ya Bwana Mwengo, na hayastahili lawama kubwa. Kinachostahili kutazamwa kwa makini ni onyesho la mwanzo.

Katika onyesho hilo, Rose anapiga kinanda na kaka yake, mchungaji Samuel, anaongoza wimbo wa dini kwa Kiingereza. Wanakijiji wanatoa mlio usio na maneno, na mtazamaji anatarajiwa kucheka. Kisha Allnut anatupa kipande cha sigara nje, na waumini wanakimbilia kukigombania. Hili linapotosha historia ya misheni kwa kiasi kisichoweza kufidiwa na usahihi wa sare yoyote. Kufikia 1914, Agano Jipya la Kiswahili lililosimamiwa na Edward Steere lilikuwa limesomwa kwa miongo kadhaa. Gazeti la Msimulizi lilianza Kiungani, Zanzibar, mwaka 1888. Walimu, makatekista na waandishi wa barua waliosomea katika misheni walikuwa tabaka linalojulikana. Wamisionari waliokaa miaka mingi kati ya watu na kuendelea kuwaimbisha kwa Kiingereza wasichokielewa si wawakilishi wa zama zao. Ibada ingeendeshwa kwa Kiswahili au kwa lugha ya mahali, na waumini wangeimba.

Uchomaji wa kijiji unaofuata una ukweli ndani yake. Majeshi yalichoma vijiji, yalipora chakula na kuwachukua wanaume kwa nguvu. Hata hivyo, filamu inauweka ukatili huo kwa Wajerumani pekee. Katika Afrika Mashariki ya Kiingereza sheria ya mwaka 1915 iliruhusu wapagazi kuandikishwa kwa lazima, na mwaka 1917 ulifanyika msako mkubwa wa wanaume chini ya usimamizi wa John Ainsworth. Baada ya moto wanakijiji wanatoweka katika filamu. Hakuna anayeuliza walikopelekwa, na hakuna Mwafrika anayepewa jina na hoja yake mwenyewe mpaka mwisho.

4. Shout at the Devil: Mtumishi Bubu

Filamu ya pili, iliyoongozwa na Peter Hunt kutokana na riwaya ya Wilbur Smith, inaazima kisa cha manowari ya Kijerumani Königsberg na kuipa jina la Blücher. Königsberg halisi iliizamisha Pegasus katika bandari ya Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ikajificha katika delta ya Rufiji, na ikaangamizwa tarehe 11 Julai 1915 kwa mizinga ya Severn na Mersey, huku ndege zikielekeza shabaha. Mizinga yake 10 iliokolewa na kutumiwa nchi kavu. Katika filamu, meli inaharibiwa kwa bomu lililoingizwa ndani na raia wawili, mwindaji haramu wa ndovu Flynn O'Flynn na mwenzake Sebastian Oldsmith.

Hapa pia ubunifu wa kisa si tatizo kuu. Filamu ina hata jambo moja la kweli ambalo The African Queen haina: inaonyesha mabamba ya chuma yakikokotwa na umati wa vibarua kuelekea deltani. Vita vya Rufiji vilitegemea misuli ya watu, na kamera imeliona hilo. Lakini imeuona umati tu. Ili kuingia melini, Oldsmith anapakwa rangi nyeusi na kujichanganya na vibarua, na hila inafanikiwa. Mantiki ya onyesho hili inahitaji kwamba hakuna kibarua atakayemsemesha. Neno moja la Kiswahili, salamu tu ya mtu kwa mwenzake, lingeivunja hila nzima. Kisa kinasimama kwa sababu vibarua wamefanywa watu wasiozungumza.

Mfano wa wazi zaidi ni Mohammed, mtumishi wa O'Flynn, aliyeigizwa na mwigizaji Mwingereza Ian Holm. Mohammed ni bubu. Katika biashara ya pembe iliyopita kati ya Zanzibar, bara na mpaka wa Wareno, mtu wa nafasi yake ndiye angekuwa mkalimani, mpatanishi wa bei na mjuzi wa njia. Mhusika ambaye kazi yake halisi ingekuwa kusema ndiye aliyenyimwa ulimi.

5. Hoja za Utetezi

Zipo hoja tatu zinazoweza kutolewa kuzitetea filamu hizi. Ya kwanza ni kwamba zilitengenezwa kwa ajili ya hadhira ya Kiingereza. Hoja hii inaeleza kwa nini wahusika wakuu wanazungumza Kiingereza. Haielezi kwa nini wengine hawazungumzi kabisa. Ya pili ni ya mazingira ya utengenezaji. Hii nayo ni dhaifu, kwa kuwa sehemu ya The African Queen ilipigwa picha karibu na Ponthierville, leo Ubundu, katika Kongo ya Mashariki, ambako Kiswahili kilichoitwa Kingwana kilikuwa kikitumika. Lugha ilikuwapo karibu na kamera.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi. Kwa askari na wapagazi wengi Kiswahili hakikuwa lugha ya mama. Kuwaita wote Waswahili kungekuwa ufutaji mwingine, safari hii wa Kinyamwezi, Kikamba, Kimakonde na lugha nyingine nyingi. Hoja hii ni ya haki, na inatoa onyo kwa watengenezaji filamu wa Afrika Mashariki wenyewe. Lahaja ya Kiunguja ilichaguliwa kuwa msingi wa usanifishaji mwaka 1928, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Mpagazi wa mwaka 1916 anayezungumza Kiswahili sanifu cha redio ya leo ni kosa la kihistoria sawa na bunduki ambayo ilikuwa haijaundwa. Filamu sahihi ingehitaji Viswahili vingi: cha Mrima, cha Keya chenye upatanisho wa kisarufi uliorahisishwa, cha Kingwana, na cha ofisa wa Kijerumani aliyejifunza kitabuni. Ingehitaji pia lugha za nyumbani ambazo wapagazi walizungumza usiku kambini.

6. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba The African Queen na Shout at the Devil hazipotoshi historia hasa kwa kubadili matukio. Tendi za vita za Kiswahili nazo hubadili matukio, na zinabaki kuwa kumbukumbu zenye uzito. Upotoshaji umo katika mgawanyo wa kauli: waumini wasio na maneno, vibarua wasiosalimiana na mkalimani asiye na ulimi.

Lugha yenyewe imehifadhi sehemu ya kile ambacho filamu zilikiacha. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zote zimepata majina yao kutokana na kikosi cha wapagazi, kama kilivyotamkwa na watu waliokitumikia. Majina ya mahali, istilahi za kijeshi za KiKAR, barua za misheni na masimulizi ya familia ni data ambayo mtunzi wa mswada wa filamu anaihitaji kabla ya kumwendea mtaalamu wa sare. Kuikusanya na kuichambua ni kazi ya idara za Kiswahili, na ikifanywa, mwongozaji atakayevirudia vita hivi hatakuwa na kisingizio cha kutojua wapagazi walivyozungumza.