Milimita Mbili za Kikonyo

Mkulima wa waridi Naivasha akiona nundu kwenye shina la mche, huung'oa mara moja kabla ugonjwa haujasambaa. Nundu hiyo ni kazi ya Agrobakteria, bakteria wa udongoni waliotambuliwa Marekani na Smith na Townsend mwaka 1907. Wakikuta jeraha, huingiza kipande cha DNA yao ndani ya seli ya mmea, na seli hiyo huanza kugawanyika ovyo huku ikiwatengenezea chakula. Mwaka 1977 Mary-Dell Chilton na wenzake walithibitisha kuwa kipande hicho hubaki humo. Baadaye watafiti wakaziondoa jeni za uvimbe na kupachika mahali pake jeni waitakayo wao.

Hivyo ndivyo kanola hubadilishwa, ndugu wa sukuma wiki na zao la mafuta lenye maua ya manjano ambalo wakulima wa Njoro hulipokezanisha na ngano. Nadharia yake utaielewa kwa mazungumzo ya jioni moja. Mikono ndiyo huchelewa kujifunza, na ni mikono hiyo ninayoistahi.

Chukua njia waliyoichapisha Moloney na wenzake mwaka 1989. Mbegu zilizosafishwa huoteshwa hadi siku ya 4 au 5, mche ukiwa na majani mawili tu ya kwanza. Kwa kijembe, fundi hukata jani pamoja na milimita 2 hivi za kikonyo. Katikati ya vikonyo vya majani hayo mawili kumejificha kichipukizi kidogo mno. Akikibeba, hata chembe, kitakua chenyewe bila jeni mpya na kumpotezea wiki nzima. Seli zilizo kwenye mkato ndizo zitakazochipua, na ndizo bakteria huzifikia. Ncha iliyokatwa huchovywa mara moja tu katika maji yenye bakteria, kisha husimamishwa kwenye jeli ya agari, jani lenyewe lisiiguse.

Baada ya siku 3 hivi, dawa huwaua bakteria, na kanamaisini, dawa nyingine ambayo jeni iliyopachikwa pamoja huuwezesha mmea kuistahimili, huchuja machipukizi: yasiyopokea jeni hufifia na kuwa meupe, machache hubaki kijani. Hapa Kenya kazi hii yote huhitaji kibali chini ya Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya 2009.

Machipukizi ya kijani huoteshwa mizizi, huhamishiwa udongoni, hutoa maua na mbegu. Mbegu hizo huoteshwa tena kwenye kanamaisini. Miche mitatu kati ya kila minne ikistahimili, fundi ana sababu nzuri ya kuamini kwamba jeni imekaa mahali pamoja.