Mraba Unaopaswa Kufunga

Bunduki ya upepo haina baruti, na wengi huihesabu chombo cha watoto. Mpimaji wa darubini za kulengea haihesabu hivyo. Ile ya springi huivunja darubini ambayo ingedumu miaka juu ya bunduki ya kuwindia nyati. Kifyatulio kikiachia, pistoni nzito huruka mbele na bunduki husukumwa nyuma; papo hapo pistoni hukwama kwenye hewa iliyoshindiliwa mwishoni mwa silinda, na bunduki hutupwa mbele. Darubini iliyoundwa kuhimili teke la upande mmoja hulegea lenzi.

Kazi ya kuzipima darubini hizi imekomaa sana Uingereza; sheria ya England na Wales huiruhusu bunduki ya upepo isiyozidi futi-pauni 12, takriban jouli 16, bila cheti cha silaha. Kwa nguvu ndogo hivyo, kila kosa huonekana. Naiheshimu kazi hii kwa sababu haina pupa ya kulaumu. Risasi ikienda kombo, huenda ni upepo, ni mtutu, ni vishikio vya darubini, au ni mkono uliobana mno, maana bunduki ya springi huanza kutembea risasi ingali mtutuni. Mpimaji hubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Huilaza bunduki juu ya kiganja kilicho wazi, bila kuikaba. Husogeza jicho kidogo, bunduki imetulia. Msalaba wa kulengea ulio ndani ya darubini ukitangatanga juu ya shabaha, hurekebisha fokasi ya lenzi kwanza.

Kisha huja mraba, kipimo ninachokipenda kuliko vyote. Akilenga nukta ileile mita 25 mbele, hupiga kundi la risasi, huzungusha kirekebishi cha darubini tiki 40 juu, hupiga. Kulia 40, chini 40, kushoto 40. Tiki ya robo dakika ya pembe husogeza tundu karibu milimita 1.8 kwa umbali huo, kwa hiyo kila upande uwe na milimita 73 hivi, na kundi la mwisho liangukie la kwanza.

Lisipoangukia, bado hamtii hatiani mtengenezaji. Huchora mstari wa penseli unaovuka kishikio na darubini, kisha hurudia mraba wote. Mstari ukikatika, vishikio vimeteleza, na skrubu hukazwa. Ukibaki mzima, huihamishia darubini kwenye bunduki ya upepo iliyojazwa hewa kabla, isiyo na teke la maana, na kuanza upya.