Ufundi wa Kupunguza

Kanuni nzuri ya kujifunza haina maneno mengi. Mwaka 1949 Donald Hebb, mwanasaikolojia wa Kanada, alidai kwamba seli moja ya neva ikishiriki mara kwa mara kuiamsha nyingine, kiungo kati yao huimarika. Basi. Kiungo hakina haja ya msimamizi. Kinamtazama jirani wa huku na jirani wa kule, mengine hayakihusu.

Ila ukiihamishia kanuni hiyo kwenye mashine kama ilivyo, itakuharibikia mikononi. Chukua seli bandia yenye njia mbili za kupokea ishara, kila njia na uzito, yaani nguvu ya kiungo chake, wa 0.5, uipe ishara ya 1 kila upande. Tokeo ni 1. Ongeza kila uzito kwa sehemu ya kumi ya tokeo: unapata 0.6, kisha 0.72, kisha 0.864. Kufikia hatua ya 20 kila uzito umepita 19, na bado unapanda. Seli hiyo haijajifunza kitu. Imevimba kichwa tu.

Aliyeituliza ni Erkki Oja wa Finland, mwaka 1982. Hakuleta mtambo mpya. Kabla ya kuongeza uzito, alisema, ishara iliyoingia itolewe kwanza zao la tokeo na uzito uliopo. Hesabu ileile sasa inaanza na 0.55, inapanda kwa hatua zinazozidi kufupika, inatulia karibu na 0.71. Na kiungo bado hakijaulizia habari za mbali! Wengi wangeweka mlinzi wa kukagua uzito wote kila mara. Oja alikipa kiungo chenyewe adabu ya kusahau kidogo, nami humvulia kofia kwa hilo.

Uzuri wake huonekana kwenye picha. Nukta mbili zinazong'aa na kufifia pamoja zitajikusanyia uzito. Ya tatu, inayobadilika kwa kiasi hichohicho lakini kivyake, itaishiwa. Ruwaza imepatikana, na hakuna aliyeiambia seli itafute nini.

Seli moja hushika ruwaza moja tu, ile yenye nguvu zaidi. Kwa hiyo mwaka 1989 Terence Sanger alizipanga foleni: ya kwanza ikishachukua chake, ya pili hufunzwa kwa mabaki, na ya tatu kwa yale yaliyozishinda zote mbili.