Kuchagua Taa za Nyongeza za Pikipiki

Taa ya nyongeza ya pikipiki hufanya mojawapo ya kazi tatu: kuangaza mbali, kuangaza kandokando ya barabara, au kumfanya mwendeshaji aonekane na wengine. Hakuna taa moja inayozifanya zote vizuri. Kwa hiyo uchaguzi huanza na kazi inayotakiwa na umeme uliopo. Ukali wa mwanga ulioandikwa kwenye boksi huja mwisho. Kwa pikipiki za cc 100 hadi 150, zile zinazobeba abiria na mizigo Afrika Mashariki, umeme ndio hukata shauri kabla ya mengine yote.

Umeme uliopo

Pikipiki ndogo huzalisha umeme kwa koili iliyo ubavuni mwa injini, ambayo sumaku huizunguka. Umeme unaotoka hapo ni wa mkondo geu. Regyuleta huugeuza kuwa mkondo mnyoofu na kuuzuia usipande kupita takriban volti 14.5, ndipo uingie kwenye betri. Injini ikiwa sailensa, yaani ikizunguka taratibu bila kuongezewa mafuta, koili hutoa sehemu ndogo tu ya uwezo wake, hivyo pikipiki inayosimama mara kwa mara kwenye foleni huchaji kidogo kuliko ile ya safari ndefu.

Mfano wa hesabu ni huu. Koili inatoa wati 100 katika mwendo wa safari. Taa ya mbele inakula wati 35, ya nyuma 5, na mfumo wa kuchoma plagi takriban 10. Zinabaki wati 50. Breki ikishikwa, taa yake huongeza wati 21; indiketa mbili za wati 10 huongeza 20 kila zinapowaka, na betri nayo inadai fungu lake. Jozi ya taa za LED zenye wati 10 kila moja inaingia katika hesabu hiyo bila taabu. Jozi ya halojeni za wati 55 haiingii kabisa, kwani peke yake inataka wati 110.

LED ndiyo iliyofanya taa za nyongeza ziwezekane kwenye pikipiki ndogo. Balbu ya halojeni ya aina ya HS1, iliyoenea kwenye pikipiki hizo, hutumia wati 35 na kutoa lumeni 525 kwenye mwanga wa chini, yaani dimu, na 825 kwenye mwanga wa juu, yaani fulu. LED nzuri hutoa lumeni 80 hadi 100 kwa kila wati. Msingi wake ni LED ya bluu, ugunduzi uliowapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobeli ya Fizikia ya mwaka 2014. Mwanga wake hupita kwenye utando wa kemikali ya njano na kutoka ukiwa mweupe.

Kipimo cha kufanya kabla ya kununua ni rahisi. Injini huwashwa na kupandishwa hadi mzunguko wa safari, taa zote zikiwaka, kisha mita ya umeme huwekwa kwenye vichwa vya betri. Volti zikitulia juu ya 13.5, kuna nafasi. Zikishuka chini ya 13 na kuendelea kuteremka, umeme umeshaisha hata kabla ya taa mpya kufungwa.

Umbo la mwanga

Lumeni ni jumla ya mwanga unaotoka, lakini kinachofika barabarani hutegemea namna mwanga huo ulivyokusanywa. Lumeni 1,000 zikibanwa kwenye pembe ya nyuzi 10 hutoa, kinadharia, nguvu ya takriban kandela 42,000. Lumeni hizohizo zikitawanywa kwenye pembe ya nyuzi 40 hutoa kandela 2,600 hivi, yaani pungufu mara kumi na sita. Tena mwanga hufifia kwa mraba wa umbali: kitu kilicho mita 120 hupata robo ya mwanga ambao kingeupata kikiwa mita 60.

Umbali unaohitajika hutokana na mwendo. Kwa kilomita 60 kwa saa, pikipiki huenda karibu mita 17 kila sekunde. Mwendeshaji anayechukua sekunde moja na nusu kutambua hatari na kushika breki ameshapita mita 25, na breki kwenye lami kavu hudai nyingine 23 hivi. Kwenye changarawe jumla hufika takriban mita 60. Kwa kilomita 80 kwa saa kwenye lami, ni mita 74. Anayesafiri usiku kwenye barabara kuu anahitaji taa ya mwanga mwembamba unaofika mbali. Anayepita vichochoro na njia za vumbi kwa kilomita 30 kwa saa anahitaji mwanga mpana unaoonyesha mashimo, mitaro na mbuzi waliolala kando ya njia.

Mwanga mwingi mno karibu na gurudumu huonekana mzuri dukani lakini hudhuru barabarani. Jicho hujirekebisha kwa sehemu yenye mwanga mkali zaidi, mboni husinyaa, na vilivyo mbali huzidi kuwa giza.

Sifa nyingine ni mkato wa juu. Taa iliyoundwa kwa matumizi ya barabarani huwa na mstari dhahiri ambao juu yake mwanga hupungua ghafla. Taa hiyo inaweza kuwaka pamoja na dimu. Isiyo na mkato humulika macho ya wanaokuja, hivyo inafaa kuwaka na fulu tu na kuzimika nayo. Baadhi ya mikato haiko sawa pande zote, bali hupanda upande wa kando ya barabara. Taa iliyotengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia, kama Rwanda, Burundi na Kongo, ikifungwa Kenya, Uganda au Tanzania huelekeza sehemu hiyo iliyopanda kwa madereva wa upande wa pili.

Kuonekana ni kazi tofauti. Taa moja usiku haimpi dereva wa gari kipimo cha kutosha cha kukadiria kasi ya pikipiki inayokuja. Utafiti wa Chuo Kikuu cha London, Royal Holloway, uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa taa tatu zilizopangwa pembetatu husaidia watu kukadiria kasi hiyo vizuri zaidi. Kwa lengo hilo taa mbili ndogo zilizotengana, chini ya taa kuu, zinatosha.

Rangi

Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini: 3,000 ni manjano, 6,000 ni nyeupe inayokaribia bluu. Ufaransa ililazimisha taa za manjano kwa magari kuanzia miaka ya 1930 hadi 1993. Hata hivyo matone ya ukungu ni makubwa kuliko mawimbi ya mwanga, kwa hiyo hurudisha manjano na nyeupe karibu sawasawa. Kinachosaidia kwenye ukungu wa Limuru au Njombe, na kwenye vumbi la barabara yoyote, ni taa kukaa chini na kuwa na mkato, ili mwanga usirudi machoni. Rangi nyekundu hairuhusiwi kuelekea mbele chini ya Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani.

Boksi na kilichomo ndani

Namba zilizoandikwa kwenye boksi haziaminiki kila mara. Taa yenye ukubwa wa ngumi inaweza kuandikwa wati 125, kiasi ambacho mwili wake mdogo haungeweza kukipoza. Ukweli hujulikana kwa betri na mita iliyounganishwa katikati ya waya wa chanya. Ikisomeka ampea 0.9 kwa volti 12.6, taa hiyo ni ya wati 11. Inafaa kuachwa iwake dakika kumi na kupimwa tena, maana LED hupoteza mwanga inapopata joto na nyingine hujipunguza zenyewe. Mwili mzito wa alumini wenye mapezi nyuma ni dalili njema.

Alama ya IP hueleza uwezo wa kuzuia vumbi na maji. Katika IP67, 6 ni kuzuia vumbi kabisa, na 7 ni kustahimili kuzamishwa mita moja kwa dakika 30. Kipimo hicho hakihusu mashine ya kuoshea kwa presha. Kwa hilo kuna IP69K.

Kuunganisha

Waya wa chanya hutoka kwenye betri ukiwa na fyuzi karibu na kichwa cha betri, hupita kwenye rilei, yaani swichi inayoamshwa kwa umeme, kupitia vichwa namba 30 na 87, ndipo ufike kwenye taa. Waya mwembamba kutoka swichini huamsha rilei kupitia 86, na 85 hurudi hasi. Jozi ya wati 20 huvuta ampea 1.5 hivi, hivyo fyuzi ya ampea 3 na waya wa milimita 1 ya mraba vinatosha. Hasi irudishwe hadi betrini, isiishie kwenye bolti yenye rangi au kutu.

Baadhi ya pikipiki hulisha taa kuu moja kwa moja kutoka kwenye koili. Dalili yake ni taa isiyowaka injini ikiwa imezimwa, na inayong'aa kadiri mafuta yanavyoongezwa. Waya huo ni wa mkondo geu: LED ikiunganishwa hapo humemeteka au kuungua, na rilei hugongagonga. Umeme wa kuamsha rilei uchukuliwe upande wa betri baada ya swichi ya ufunguo. La sivyo, taa zikisahauliwa zikiwaka, betri ya ampea-saa 5 huisha katika saa tatu hivi.

Kufunga na kuelekeza

Taa iliyofungwa kwenye shokapu za mbele hufuata usukani; iliyofungwa kwenye vyuma vya kinga ya injini hubaki ikitazama mbele pikipiki inapokata kona. Ikiwa chini zaidi, hurefusha vivuli vya mashimo na kuyafanya yaonekane mapema. Usukani uzungushwe hadi mwisho pande zote kuhakikisha waya haukazwi wala haubanwi.

Kuelekeza hufanywa mbele ya ukuta, pikipiki ikiwa mita 5 kutoka hapo kwenye sakafu tambarare. Kimo cha taa huchorwa ukutani, na mkato huteremshwa sentimita 5 hadi 7 chini ya alama hiyo. Kazi hii hufanywa pikipiki ikiwa na mzigo wake wa kawaida. Abiria akizamisha nyuma kwa sentimita 5 kwenye pikipiki yenye mita 1.3 kati ya magurudumu, mwanga hupanda takriban mita 1.9 kwa umbali wa mita 50, urefu unaotosha kuupeleka machoni mwa dereva anayekuja. Anayebeba abiria nyakati fulani tu huchagua vishikio vinavyoweza kulegezwa kwa mkono, na hupima ukutani mara mbili: akiwa peke yake na akiwa amepakia.