Nyundo Chini ya Land Rover

Land Rover kuukuu huongopa kwa uso. Bodi lake ni la alumini, na alumini haishiki kutu, kwa hiyo gari lililosimama nyuma ya ghala tangu mwenyewe alipostaafu linaweza kuonekana limechujuka rangi tu, kana kwamba likioshwa na kutiwa betri litaondoka. Mnunuzi mgeni huona milango imenyooka na boneti limelala sawa, akaanza kuhesabu hela kichwani. Fundi anayeijua kazi hata mlango hajaugusa. Amekwishalala chali kwenye majani, nyundo ndogo mkononi, anagonga chasisi.

Mafundi wa kutengeneza tunao, na sifa zao husemwa kila siku. Ninayetaka kumsifu hapa ni yule anayejua kabla ya kutengeneza, anayeitwa aje “kuangalia tu”, akalipwa soda na nauli ya bodaboda, na neno lake likaokoa akiba ya mtu au likaiteketeza. Pale Chala, kwenye barabara itokayo Sumbawanga kwenda Namanyere, ujuzi huu haukuanza na wapenda magari ya kale. Kabla ya lami, masika ya Ufipa yalikuwa na njia chache za kumfikisha mgonjwa hospitali, au kupandisha magunia ya dagaa kutoka Kirando na Kipili, na nyingi kati ya hizo zilikuwa na magurudumu manne yanayovuta yote. Misheni zilikuwa na Land Rover, idara za serikali zilikuwa nazo, wafanyabiashara walizinunua kwenye minada zikiwa zimeshachoka. Kila moja ilipouzwa, palihitajika mtu wa kusema imebakiza nini.

Kisa cha alumini ni cha vita. Land Rover ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa bado inagawa chuma kwa kibali, huku alumini ikipatikana. Kampuni ya Rover ikavalisha gari alumini juu, chuma ikakiweka mahali pasipo na budi: chasisi, ukuta unaotenga injini na miguu ya dereva, fremu za milango. Chasisi ni mabati manne mazito yaliyochomelewa yakawa boksi, na boksi lina uwazi ndani. Tope jekundu la kushuka Wampembe huingia kwenye matundu yake, likakaa. Nje hukauka kwa jua la Juni, ndani hubaki unyevu hadi masika mengine. Ndiyo maana kutu ya chasisi huanzia ndani, na ndiyo maana jicho halitoshi.

Fundi hugonga kama mama anayegonga chungu gulioni kabla hajatoa pesa: chuma kizima huitika, kilicholiwa hutoa sauti butu. Huanza nyuma, kwenye boriti ya mwisho inayobeba ndoano ya kuvutia, maana hapo ndipo magurudumu hurusha tope. Huenda kwenye mikono inayotoka pembeni kushika bodi, kisha kwenye mabano ya springi. Palipopakwa lami nyeusi nzito hupagonga mara mbili, kwa kuwa lami hiyo huzuia kutu ikipakwa mapema na huificha ikipakwa wiki ya kuuza. Bati jipya lililochomelewa juu ya bati bovu halimdanganyi, anajua limeshika hewa. Pale alumini inapokutana na chuma hutafuta unga mweupe, kwa sababu madini hayo mawili yakigusana penye maji, alumini ndiyo inayoliwa. Kwa hiyo hata bodi “lisilooza” huoza, ila kwa siri na kwa rangi nyingine.

Kazi ya chuma kwenye uwanda wa Ufipa ina historia. Wafipa walifua chuma kwa malungu, matanuri ya udongo marefu kumpita mtu, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Kilichotoka humo kilikuwa bonge lililochanganyika na takataka, nalo lilisafishwa tena katika tanuri dogo la mivukuto kabla ya mhunzi kulifanya jembe. Sitadai kwamba fundi wa leo amerithi chochote kutoka kwa wahunzi hao. Wengi wamejifunzia gereji za Sumbawanga na Mbeya, wakipigiwa kelele na mabosi. Ila inanifurahisha kwamba kwenye nchi ileile bado yupo mtu anayekitazama chuma na kuuliza kipi ndani yake ni chuma kweli.

Hali ya hewa nayo huingia kwenye hesabu. Chasisi iliyozeeka Tanga au Zanzibar imekula chumvi ya bahari, na iliyozeeka Ulaya imekula chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Ufipa iko mbali na vyote viwili, juu, baridi, na nusu ya mwaka ni kavu. Gari lililoegeshwa hapa kwenye mawe, chini ya bati, linaweza kuwa zima kuliko la mjini linalotembea kila siku. Lililozama kwenye majani ni habari nyingine.

Muuzaji husema, “Fundi, hili lilikuwa la padri, lilitunzwa.”

Naye hujibu, bado akiwa chini, “Sawa mzee wangu, shikamoo. Padri alikuwa analipaki wapi?”

Injini hufuata, na hapa wengi hushangaa jinsi anavyoipuuza. Ile ya petroli ya lita 2.25 ni rahisi kuelewa, na spea zake zinatafutika. Ikiwa imekufa kabisa, Afrika Mashariki imejaa Land Rover zinazotembea kwa injini za Toyota na Isuzu. Ikiwa imejam hailazimishi: hufungua plagi, hutia oili kwenye silinda, huiacha inywe, kisha huzungusha kwa hendeli ya mbele taratibu. Huchomoa kijiti cha oili. Ikiwa imegeuka rangi ya maziwa, maji yamepita kwenye gasketi ya silinda hedi. Huchungulia mipira ya chuma ya ekseli ya mbele, maana ikiwa na vidonda itakata sili na kuvuja oili daima. Shafti za nyuma za modeli za zamani hukatika, kila mtu anajua, hizo hazimshushi moyo. Kinachobadilishika ana bei yake. Chasisi ndiyo ambayo Chala hainunuliki.

Kisha hufuta grisi kwenye bano la springi ya mbele kulia, ambako namba ya chasisi imegongwa, na kuomba kadi ya gari. Namba zikigombana, au kadi ikiwa na jina la marehemu ambaye watoto wake hawajamaliza mirathi, hukunja kitambaa chake. Gari zima lenye ndugu watano si gari bado.

Na hapa ndipo ninapomvulia kofia. Akisema “nunua”, atapata kazi ya miezi: kuchomelea, kushusha giaboksi, kufunga difu. Akisema “acha”, anaondoka na soda yake. Nimeona wakisema “acha”.

Siku hizi kazi imekuwa ngumu kwa sababu ya bei. Oktoba 2024 Arusha ilikusanya mamia kwa mamia ya Land Rover kwenye tamasha, na Nakuru nayo imeita zake. Picha zilifika kila kijiji, na kila mwenye mkweche nyuma ya nyumba akagundua ana mali. Upande wa pili anasubiri mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake, ambaye huulizia alumini kwanza, kwa kuwa kwa kilo hukishinda chuma mbali, na huishia kuwa sufuria. Kati ya ndoto ya Arusha na mizani hiyo, mtu pekee anayetaja bei inayotokana na gari lenyewe ni yule aliyelala kwenye majani.

Mara nyingi jibu lake si ndiyo wala hapana. Hushauri magari mawili yanunuliwe, moja kwa ajili ya chasisi na kadi, jingine kwa ajili ya milango, ekseli na giaboksi, na la pili lilipiwe kwa bei ya kilo, leo hii, kabla lori la vyuma chakavu halijarudi.